Elden Ring: Jinsi ya Kumshinda Margit Mlangoni pa Stormveil, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoanza gemu la Elden Ring hukwama mahali pamoja: kwenye njia ya mawe mbele ya ngome ya Stormveil, ambapo jitu lenye pembe na fimbo linawaua kabla hawajajua limewapiga na nini. Jina lake linaandikwa chini ya skrini: Margit, the Fell Omen. Mchezaji anamrudia jioni nzima, anakufa kwa pigo lile lile, kisha anazima mashine akiamini gemu hili si la watu wa aina yake.

Maswali ninayoulizwa kuhusu bosi huyu, yaani adui mkuu wa mahali hapo, yanafanana sana, na majibu yake hayahusu wepesi wa vidole. Karibu kila anayeshindwa amefika mlangoni mapema mno, akiwa na silaha ile ile aliyoanza nayo, halafu anapigana kwa mwendo wa Margit badala ya mwendo wake mwenyewe. Makosa yote mawili yanarekebishika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana ya nne haina nguvu bila ya tatu.

Hadithi nayo imo humu, kwa sababu Margit anapigana jinsi alivyo. Usipomjua ni nani, mapigo yake utayaona kama bahati nasibu. Hatua ya 7 inafichua siri yake. Usiyetaka kuijua mapema, ruka aya mbili za mwanzo za hatua hiyo.

## Vinavyohitajika

Gemu halina Kiswahili, kwa hiyo majina ya vitu na mahali nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini.

- Leveli kati ya 20 na 30, Vigor (kipimo cha uhai wako) ikiwa angalau 20
- Silaha moja uliyoichagua, imefikishwa +3
- Farasi Torrent
- Spirit Calling Bell pamoja na Lone Wolf Ashes
- Golden Seed moja au mbili, na Sacred Tear moja au zaidi
- Flask of Wondrous Physick
- Margit's Shackle, kwa runi 5,000, runi zikiwa ndiyo fedha unayopata kwa kuua maadui (si lazima, ila inasaidia sana)
- Mzigo wa mavazi na silaha usiofika asilimia 70

Vitufe nitavitaja kwa PlayStation. Kwenye Xbox, duara ni B, X ni A, R1 ni RB, R2 ni RT na L1 ni LB.

## Hatua ya 1: Acha kuufuata mwanga

Ukipumzika kwenye Site of Grace, ile neema ya dhahabu inayowaka chini, unaona mshale wa mwanga ukielekea upande fulani. Tangu mwanzo wa Limgrave mshale huo unaelekea Stormveil. White Mask Varré, mtu wa kwanza kuongea naye nje, naye anakutuma huko huko. Mchezaji mpya anatii, anapita msururu wa askari, anapanda mlima na kujikuta mbele ya Margit akiwa leveli ya 10.

Mwanga unakuonyesha mwisho wa safari ya eneo hili. Haukuambii uende leo. Wewe ni Tarnished, mmoja wa wale ambao neema iliwatoka machoni wakafukuzwa nchini, na sasa wameitwa warudi kwa sababu Elden Ring yenyewe, ile iliyolipa gemu jina lake, imevunjika. Watoto na wajukuu wa Malkia Marika walijigawia vipande vyake, vile viitwavyo Great Rune, wakapigana wenyewe kwa wenyewe hadi vita ikaisha bila mshindi. Godrick, anayekaa Stormveil, ni mmoja wa walio na kipande. Ni mzao wa mbali, dhaifu kuliko ndugu zake wote, ndiyo maana anakata viungo vya watu na kujiunganishia mwilini ili apate nguvu. Ngome yake iko hapo toka zamani na haitahama wiki hii.

Geuka, ushuke. Kama umeshafungua neema ya Castleward Tunnel karibu na Margit, vizuri zaidi, utarudi kwa ramani bila kutembea.

Utajua umefaulu: umempa mgongo Margit na una sehemu nyingine ya kwenda.

## Hatua ya 2: Farasi, kengele na mbwamwitu

Nenda Gatefront, kwenye magofu yaliyojaa askari. Pumzika kwenye neema iliyo karibu. Melina atatokea, na ukikubali ombi lake atakupa filimbi ya kumwita Torrent. Kuanzia hapo ndipo unaweza kubadilisha runi kuwa leveli. Ndani ya magofu, shuka ngazi za chini uchukue Whetstone Knife, inayokuruhusu kubadilisha ustadi wa silaha yako. Ramani ya Limgrave magharibi iko kwenye nguzo ya mawe hapo hapo barabarani. Bila ramani utazunguka bure.

Kisha rudi Church of Elleh, kanisa bovu la karibu na ulipoanzia. Usipomwona mtu, pumzika, chagua Pass Time, ruka hadi usiku. Mwanamke mwenye kofia kubwa anayejiita Renna atakuwa ameketi ukutani. Atakupa Spirit Calling Bell na Lone Wolf Ashes, yaani mizimu ya mbwamwitu watatu.

Mbwamwitu hawa ndio msaada mkubwa kuliko wote kwa bosi huyu. Sababu yake si majeraha wanayomtia. Ni kwamba Margit anageuka kuwafukuza, na anapogeuka wewe unapata nafasi ya kupumua, kunywa dawa na kupiga. Kuwaita kunakula FP 55, mstari ule wa bluu.

Angalizo: ukimkosa Renna usikate tamaa. Ukishafika Roundtable Hold, makao ya Tarnished, wauzaji wa huko waitwao Twin Maiden Husks wanauza kengele hiyo kwa runi 1,000.

Ukipita Stormhill Shack, ongea na binti mwenye nguo nyekundu, Roderika, hadi amalize maneno. Anatoa mzimu wa jelifishi, ambaye ni mvumilivu wa kipigo na anatia sumu. Mimi nabaki na mbwamwitu kwa Margit, ila wenye upinde au uchawi huenda wakampenda jelifishi.

## Hatua ya 3: Fikisha silaha +3

Hapa ndipo wengi wanaposhindia au kushindwia. Kupanda leveli tano za Strength, yaani nguvu, kunaongeza kidogo sana ukilinganisha na kuipandisha silaha mara tatu. Mtu wa leveli 20 mwenye upanga +3 anammaliza Margit kwa mapigo machache kuliko wa leveli 30 mwenye upanga mtupu, na kila pigo unaloliokoa ni nafasi moja pungufu ya kukosea.

Silaha ya kawaida inataka Smithing Stone za kiwango cha kwanza: 2 kwa +1, 4 kwa +2, 6 kwa +3. Jumla 12. Meza ya kufulia silaha iliyopo Church of Elleh inaishia +3, kwa hiyo hapo panakutosha.

Mawe yapo Limgrave Tunnels, mgodi ulio kwenye mwamba kaskazini mwa ziwa Agheel. Humo ndani usiangalie njia tu, angalia kuta: mawe yamejibandika ukutani yakimetameta kidogo, na wachimbaji wenyewe hawakushughulikii sana usipowaanza. Mwishoni kuna bosi mkubwa, Stonedigger Troll. Si lazima umpige kama mawe umeshapata.

Angalizo, na hili ni zito. Ziwani kuna joka linaloshuka ukikaribia katikati, kwa hiyo zunguka ukingoni. Na kwenye Dragon-Burnt Ruins, magofu ya hapo hapo ziwani, usifungue kisanduku cha chini ya ardhi. Moshi utakufunika na utajikuta mgodini Caelid, nchi yenye maadui wa leveli ya juu mno, na ramani haitakuruhusu kuhamia pengine hadi utoke nje kwa miguu. Ikishakupata, usipigane na yeyote. Chuchumaa, tafuta mlango, kimbia hadi neema ya nje.

Ipi ya kuipandisha? Ile unayoijua mkononi. Aliyeanza na mhusika wa aina ya Samurai tayari ana upanga wa Uchigatana, inayotoa damu: ukimpiga mfululizo mstari wa damu unajaa na kumkata sehemu kubwa ya uhai kwa mkupuo, na Margit anaathirika nayo. Longsword ya Vagabond haina mbwembwe ila ni ya kutegemea. Kwa Astrologer, tafuta Sellen kwenye chumba cha chini cha Waypoint Ruins akuuzie uchawi zaidi. Usigawe mawe kwenye silaha tatu.

Utajua umefaulu: askari wa Gatefront waliokuwa wanahitaji mapigo matatu sasa wanalala kwa mawili.

## Hatua ya 4: Kusini, ukanunue uhai

Pita ziwa, vuka Bridge of Sacrifice, uingie Weeping Peninsula. Hili ndilo eneo lililotengenezwa kwa ajili ya leveli yako, na watu wengi huligundua wakiwa wameshamaliza nusu ya gemu, jambo linalonisikitisha kila mara. Kando ya barabara utamkuta Irina, msichana asiyeona, akiomba barua yake ifike kwa baba yake Castle Morne. Ichukue. Safari yake inakupitisha kwenye kila unachokihitaji.

Makanisa matatu ya huku, Church of Pilgrimage, Fourth Church of Marika na Callu Baptismal Church, yana Sacred Tear moja kila moja. Machozi haya yanafanya kila chupa ya dawa (nyekundu ni ya uhai, bluu ni ya FP) irudishe zaidi. Golden Seed inaongeza idadi ya chupa zenyewe: tafuta mche mdogo unaong'aa dhahabu, mmoja uko njia ya Fort Haight mashariki mwa Limgrave. Huko huko mashariki, Third Church of Marika ina Sacred Tear nyingine pamoja na Flask of Wondrous Physick. Ukiweka Crimson Crystal Tear ndani yake, inarudisha nusu ya uhai wako mara moja. Hiyo ni chupa nyekundu ya ziada, na inajijaza kila unapopumzika.

Runi zote unazopata huku zipeleke Vigor mpaka 20. Najua inavutia kuweka kwenye nguvu za kupiga. Lakini aliye na Vigor 11 anakufa kwa mapigo mawili ya Margit, hivyo hajifunzi chochote kwa sababu pambano linaisha kabla hajaona. Mwenye uhai mrefu anakosea mara tatu na bado yumo ndani, anatazama, anaelewa.

Runi zikipungua, rudi Stormhill karibu na Warmaster's Shack. Majitu yanayozurura pale hutoa runi 1,000 kila moja. Mpande Torrent, piga miguu, kimbia, rudia. Ukiona jitu linainua mguu, toka.

Utajua umefaulu: leveli imepita 20, una chupa tano au zaidi, na chupa moja inajaza sehemu ya kuonekana ya mstari mwekundu.

## Hatua ya 5: Pingu ya Patches

Mto unaopanda kaskazini kutoka ziwa Agheel unapita mbele ya Murkwater Cave. Kabla hujafika utavamiwa na mtu mwekundu, Nerijus. Usikimbie, mpiganaji aitwaye Yura atakuja kukusaidia.

Ndani ya pango kuna kisanduku, na ukikigusa, mwenye pango aitwaye Patches atatokea na ngao yake. Mpige hadi uhai wake ufike karibu nusu. Atachuchumaa akiomba radhi. Acha kupiga papo hapo, kwa sababu ukimuua unabaki bila muuzaji. Ukishamsamehe atauza bidhaa zake, ikiwemo Margit's Shackle kwa runi 5,000.

Pingu hii inamkandamiza Margit chini kwa mwanga wa dhahabu kwa sekunde chache. Inafanya kazi mara mbili tu, na katika awamu ya kwanza tu. Weka kwenye nafasi ya haraka ya vitu.

## Hatua ya 6: Jifunze kukwepa kwa askari wa kawaida

Kabla ya Margit, tumia muda kidogo na askari wa Gatefront au wa barabarani. Mambo manne tu.

Kubingirika kunatokea unapoachia kitufe. Duara likishikiliwa ni kukimbia, kwa hiyo gemu linasubiri kuona kama utaachia. Anayebonyeza kwa nguvu na kung'ang'ania hubingirika akiwa amechelewa, kisha analalamika kwamba pedi yake mbovu. Bonyeza kwa kugusa na kuachia. Jaribu pale pale ulipo, utaona tofauti.

Uzito. Ukifika asilimia 70, unabingirika kama gunia. Fungua skrini ya mavazi uangalie Equip Load. Ikibidi vua kofia au acha ngao ya pili.

Stamina. Mstari wa kijani ndio unaolipia kupiga, kukimbia, kukinga na kubingirika. Ukiumaliza kwa kupiga, hutakuwa na cha kukwepea. Daima bakiza kiasi cha kubingirika mara moja.

Mizani ya adui. Kila adui ana uthabiti usioonekana kwenye skrini. Pigo la kuruka (X kisha R2) na R2 iliyoshikiliwa hadi ijae ndiyo yanayouvunja haraka. Wenye ngao wana njia ya tatu: kinga kwa L1, na pigo likishagonga ngao bonyeza R2 hapo hapo. Uthabiti ukiisha, adui anaanguka magoti. Simama mbele yake na ubonyeze R1 kwa pigo kubwa.

Utajua umefaulu: unawamaliza askari wawili kwa pamoja bila kunywa chupa.

## Hatua ya 7: Mjue, kisha umsome

Margit ni jina la kujifichia. Huyu ni Morgott, mwana wa kifalme aliyezaliwa Omen, yaani mtoto mwenye pembe, ambaye katika nchi hii huhesabiwa kuwa ni laana. Watoto wa namna hiyo wa ukoo wa kifalme walifungiwa chini ya ardhi ya mji mkuu, Leyndell, kwenye mitaro ya maji machafu. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyebaki kuulinda Mti wa Dhahabu, Erdtree, ambao haukumpa chochote. Unayekutana naye mlangoni ni kivuli chake tu, alichokituma kuwawinda Tarnished kabla hawajaota ndoto za kiti cha enzi.

Kwa hiyo hamlindi Godrick hata kidogo. Analinda kiti dhidi ya watu wenye tamaa, na maneno anayokuambia mwanzoni ndiyo hayo: rudi, izime tamaa yako. Mpigo wake wote umejengwa kumwadhibu mwenye papara. Ukishaliona hilo, mwendo wake unaanza kusomeka.

Fimbo iliyoinuliwa. Anainyanyua juu ya bega na kubaki hivyo, kama aliyesahau. Vidole vyako vitataka kubingirika. Usibingirike. Anachosubiri ni wewe umalize kubingirika, ndipo ashushe. Tazama bega, si fimbo: bega likianza kushuka, ndipo uguse duara.

Kisu cha mwanga. Mkono wa kushoto unachomoa kisu cha dhahabu na kukata haraka, au kukirusha. Hiki ndicho kinachowaua wanaokunywa chupa mbele yake, kwa kuwa akiona unakunywa mara nyingi anarusha. Kunywa baada tu ya msururu wake mrefu wa mapigo kuisha, au anapowashughulikia mbwamwitu.

Mkia. Ukikaa mgongoni kwake muda mrefu anazunguka na mkia unakufagia. Mgongoni pigo moja au mawili, kisha ondoka.

Kuruka. Ukiwa mbali anaruka na kukuangukia na fimbo. Umbali haukupi usalama. Pigo hili lakini ni zuri kwako: akitua, anachelewa kuinuka.

Kila unapokwepa, bingirika kwenda mbele na pembeni, upite karibu na kiuno chake. Kurudi nyuma kunakuweka pale pale pigo la pili linapofika. Kwa wengi hili ni gumu kuliko yote kwa sababu mwili unakataa kumkaribia, ila ukishalifanya mara mbili tatu likafaulu, hofu inapungua yenyewe.

## Hatua ya 8: Awamu ya kwanza

Tumia runi zote kabla ya kuingia. Ukifa zinabaki ulipoangukia, na ukifa tena kabla ya kuziokota zimepotea moja kwa moja.

Mbele ya mlango wa ukungu kuna alama ya dhahabu chini. Iguse umwite Sorcerer Rogier, mchawi mwenye upanga mwembamba, apigane upande wako. Si udhaifu, amewekwa pale kwa ajili hiyo.

Vuka ukungu, na jambo la kwanza kabisa piga kengele ya mbwamwitu kabla Margit hajakufikia. Kunywa chupa ya bluu ikibidi. Mwache achague wa kumshambulia, na asipokuchagua wewe, nenda ubavuni.

Sheria ni moja: pigo moja la kuruka au mawili mepesi, kisha acha. La tatu ndilo linalokuua. Nafasi halisi za kupiga ni baada ya fimbo kugonga ardhi mwishoni mwa msururu, baada ya kuruka kwake, na anapowageukia wenzako.

Pingu itumie mara ya kwanza mapema, akiwa amekubana na unahitaji pumzi. Akiwa chini, piga R2 za kushikilia, usipoteze muda kwa mapigo mepesi. Ya pili itumie muda si mrefu baadaye. Usiibane kama akiba, maana awamu ikibadilika haina kazi.

Angalizo kwa wenye ngao: fimbo unaweza kuikinga, lakini visu na nyundo ya awamu ya pili vina nguvu ya mwanga mtakatifu, na sehemu yake inapenya ngao nyingi.

Utajua umefaulu: uhai wake unakaribia nusu na bado una chupa tatu.

## Hatua ya 9: Awamu ya pili

Anatamka neno na mkononi mwake inatokea nyundo kubwa ya mwanga. Msururu wake unarefuka: pigo la fimbo ulilozoea kuwa la mwisho sasa linafuatwa na nyundo, wakati mwingine akiwa ameruka juu. Waliozoea kupiga baada ya fimbo hufa hapa.

Ongeza subira kidogo tu. Baada ya fimbo, hesabu kichwani pigo moja zaidi, kwepa nyundo, ndipo upige. Akiruka na nyundo juu, usikimbie. Mwache aanze kushuka, ubingirike kumwelekea, naye atatua nyuma yako. Ile ndiyo nafasi ndefu kuliko zote katika pambano zima.

Akibakiza uhai kidogo, mikono inatetemeka na kila mtu anataka kummalizia kwa mapigo manne mfululizo. Baki na yale mawili.

## Ukiendelea kufa

Kifo chenyewe kinakuambia kinachokosekana. Ukifa kwa pigo moja au mawili tangu mwanzo, tatizo ni Vigor. Rudi hatua ya 4. Ukidumu muda mrefu lakini uhai wake haushuki, tatizo ni silaha. Rudi ya 3. Ukifa ukiwa na chupa mkononi, unakunywa wakati mbaya. Ukifa ukiwa katikati ya kubingirika, unawahi. Ingia raundi moja bila kupiga kabisa, kazi yako iwe kutazama bega tu. Raundi hiyo inafundisha kuliko kumi za kukimbilia.

Na kama umechoka naye, mpite. Upande wa mashariki wa ngome kuna njia ya ukingoni mwa mwamba inayokufikisha Liurnia bila kumgusa Margit wala Godrick. Gemu limeiacha wazi makusudi. Unaweza kurudi baadaye ukiwa na nguvu, ingawa maadui wa Liurnia nao hawatakuonea huruma.

## Akishaanguka

Unapata runi 12,000 pamoja na Talisman Pouch, inayokuruhusu kuvaa hirizi mbili kwa wakati mmoja. Neema inawaka pale alipokuwa. Pumzika, na zitumie runi hizo hapo hapo kabla ya hatua yoyote nyingine.

Ndani ya lango utamkuta Gostoc, mlinzi wa mlango, akikushauri upite njia ya pembeni. Ushauri wake ni wa kweli: lango kuu lina mishale mikubwa ya mitambo iliyokuelekea wewe moja kwa moja. Pita pembeni. Ila usimwamini zaidi ya hapo, kwa sababu kila unapokufa ndani ya ngome hiyo, yeye huiba sehemu ya runi zako.